Kipimo kilichoishia 8.2

Daftari langu la staji, mafunzo yangu ya kazini, bado ninalo. Kurasa zimejikunja kwa maji ya ziwa, na jalada lina doa la mafuta kwa sababu mama aliwahi kulitumia kufunikia sahani ya sambaza. Lina safu nne: tarehe, saa, klore (dawa ya kuua vijidudu majini), pH (kipimo cha uasidi: ikipanda, asidi imepungua). Ukisoma safu ya klore unaona watu wakiishi: 0.3, 0.6, 0.5, siku moja 0.1 na mstari mwekundu chini yake. Ukisoma safu ya pH utadhani nililala usingizi miezi miwili. 8.2. 8.2. 8.2. Hadi ukurasa wa mwisho.

Sikulala. Kila saa nilitia tone za fenoli nyekundu kwenye kichupa, nikatikisa, nikainua juani, nikalinganisha na rangi zilizochorwa pembeni. Iliyofanana ilikuwa ile ya juu kabisa, waridi iliyokolea karibu iwe zambarau, na mbele yake pameandikwa 8.2. Juu ya hapo hakuna rangi nyingine. Ni kama kumpima mtu mrefu kwa rula ya shule: ukifika sentimita 30, unaandika 30.

Nasoma uhandisi, upande wa maji, mwaka wa mwisho, hapa Goma. Nyumbani ni Majengo. Kwa asiyeujua mji wetu, hauna mto. Umekaa juu ya lava, na lava ni chujio la chai: mvua inyeshe hata ya kung'oa mabati, baada ya saa moja maji yameshazama chini na barabara ni vumbi tena. Tuna ziwa, basi. Ziwa Kivu liko kama mita 1,460 juu ya bahari na Majengo iko juu yake zaidi, kwa hiyo maji ya kutufikia lazima yasukumwe na pampu, na pampu inataka umeme. Mei 2021 mlima Nyiragongo ulipotapika lava, mabomba yalikatika na sisi tukakimbilia Sake na magodoro kichwani. Januari 2025 vita vilipoingia mjini umeme ulikatika, pampu zikanyamaza, na mji ukashuka ziwani na mabido, madumu ya maji, huku risasi hazijaisha. Ila hata siku za kawaida robine, bomba la mtaa wetu, hutoa hewa kuliko maji. Inalia kama paka.

Ndiyo maana mdogo wangu ana chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili. Alfajiri hushuka na mabido sita matupu, na kupanda anasukuma kilo 120 za maji juu ya mawe. Mimi ndiye nasomea maji, yeye ndiye anayeyaleta. Hilo hunikumbusha kila tunapogombana.

Kwenye staji nilipangiwa ufukweni, kwenye kituo cha klore. (Najua wenzangu wa Dar na Nairobi mnasema klorini. Kwetu ni klore, Kifaransa cha shule, na nikiandika klorini mama atauliza hiyo ni dawa gani mpya.) Kituo ni kikubwa kwa jina tu: turubai, meza, ndoo, na bomba la sindano lisilo na sindano. Unachukua unga wa hipokloriti ya kalisi, ule unaokukaba koo ukifungua kifuniko, wenye klore asilimia 65 hadi 70. Gramu 15 kwa lita moja ya maji zinakupa mmumunyo wa asilimia moja, yaani kila mililita ina miligramu 10. Mtu anachota maji yake, anapita mezani, unavuta mililita nne, unamtilia kwenye bido la lita 20. Ni miligramu 2 kwa kila lita. Sehemu italiwa na uchafu uliomo majini na ule ulioganda ndani ya bido lenyewe, na baada ya nusu saa tunataka ibaki angalau 0.5. Dozi hatuikisii. Kabla foleni haijaanza tunatia vipimo tofauti kwenye ndoo nne za maji yaleyale, tunasubiri dakika 30, tunatazama ipi imebakiza 0.5. Dozi ya jana si ya leo, hasa usiku wa mvua, uchafu wote wa mji ukishuka ziwani.

Watoto walituita waganga wa mabido. Foleni ikiwa ndefu unadunga mia mbili kabla ya saa nne asubuhi, na kidole gumba kinavimba.

Siku ya mwisho ya staji nilibeba chupa moja ya maji ya ziwa hadi maabara ya chuo. Hapo kuna pH-mita moja tu, na mzee wa maabara huishika kama yai. Tukaisawazisha kwa mmumunyo wa 7 na wa 10, nikatumbukiza. Namba zikapanda, zikapita 8.2 bila hata kupunguza mwendo, zikatulia kwenye 9.1.

Nikasema mashine imeharibika. Mzee hakujibu. Aliisuuza, akaitia kwenye ule mmumunyo wa 7. Ikasoma 7.

"Mashine iko muzima," akasema. "Ni weye ulizoea kipimo cha pisini."

Kweli tupu. Kile kisanduku chetu cha plastiki kimetengenezwa kwa ajili ya mabwawa ya kuogelea. Maji ya bwawa yakifika 9 kuna mtu amefukuzwa kazi. Maji yetu yanaamka asubuhi yakiwa 9, na hakuna wa kufukuzwa.

Usiku ule sikusoma kitu kingine. 8.2 na 9.1 zinaonekana jirani, kama chenji ya kusahau dukani. Lakini pH inahesabiwa kwa logarithi, na klore ina sura mbili. Ikiingia majini sehemu inakuwa asidi hipoklorasi, sehemu inakuwa ioni ya hipokloriti, na pH ndiyo inayoamua mgao. Asidi haina chaji. Inapenya ganda la kijidudu kama mwizi anayejua mlango wa nyuma. Ioni ina chaji hasi, na ganda la bakteria nalo lina chaji hasi, kwa hiyo wanasukumana. Ndiyo maana asidi huua bakteria kwa nguvu iliyozidi ya ioni makumi ya mara. Karibu na pH 7.5 wanagawana nusu kwa nusu. Kwenye 7 asidi ni robo tatu. Kwenye 8.2 ni kama 17 kati ya 100. Kwenye 9.1 zinabaki mbili au tatu.

Nilichora meza, nikaifuta, nikaichora tena. Askari 17 niliokuwa nawahesabu kila siku kwenye daftari walikuwa wawili au watatu. Wengine wapo kambini, wamevaa magwanda, wanapokea mshahara. Mfano huu una kasoro, kwa sababu hao wa kambini hupokezana zamu: asidi ikitumika, ioni nyingine zinageuka asidi kujaza pengo. Kwa hiyo klore haijapotea. Inafanya kazi polepole tu.

Kilichoniuma zaidi ni kidonge cha DPD, kile tunachotumia kupima klore iliyobaki. Kinageuza maji kuwa ya waridi, na waridi hiyo inahesabu asidi na ioni pamoja bila kuzitenganisha. Waridi ya 0.5 kwenye maji ya pH 7 na waridi ya 0.5 kwenye maji ya Kivu ni rangi ileile. Unaweza kusimama ufukweni umeshika kichupa kizuri kabisa, mkubwa wa kituo akakupiga picha, na picha isiseme uongo wowote isipokuwa ule muhimu. Shirika la Afya Duniani linapoandika nusu saa na 0.5, linaongeza masharti: pH iwe chini ya 8. Sharti hilo lilikuwa kwenye nota zangu za mwaka wa pili. Nilikuwa nimelipigia mstari kwa kalamu ya kijani. Wakati wa mtihani nililiandika, nikapata alama zake, nikaenda ziwani nikaliacha kwenye mkoba.

Najitetea kidogo. Mazoezi yetu ya darasani yana maji mapole ya mto, pH 7.1, 7.3, mto ambao sijawahi kuuona. Tunasoma kwa Kifaransa, tunabishana kwa Kiswahili, na tunakokotoa maji ya watu wengine. Hata kipimo cha alumu kilitushinda kwa namna ya kuchekesha. Ni kile cha bika sita zinazokorogwa pamoja, uone dozi ipi inakusanya uchafu vizuri. Tulileta maji ya Kivu; ni meupe mno, hakuna cha kukusanya. Asistan, msaidizi wa profa, akatutuma nje tukachote udongo mweusi wa lava tuuchanganye. Watu wa chuo kizima walitupita tukichafua maji ili tuyasafishe! Baada ya hapo alumu nayo ikagoma: kwenye pH ya 9 aluminiamu hupenda kubaki imeyeyuka badala ya kuganda kuwa vile vipande kama pamba. Chumvi za chuma zinavumilia zaidi hapo, lakini chumvi za chuma hazikuwapo kabatini. Ripoti yetu ilisema "matokeo hayakuridhisha". Leo ningeandika kurasa kumi juu ya kwa nini hayakuridhisha.

Halafu ziwa lenyewe lina kichekesho chake. Juu ni 9 kwa sababu mwani unakula kaboni dioksidi iliyo karibu na jua, na kwa sababu maji yamejaa bikaboneti. Chini, na chini kunafika karibu mita 485, kumelala kilomita za ujazo kama 300 za kaboni dioksidi iliyoyeyuka, pamoja na methani kama 60, na huko pH ni kama 6. Maji ya chini ni mazito kwa chumvi, hayapandi kuchanganyika na ya juu. Ziwa moja, maji mawili yasiyosalimiana. Kwenye mitambo ya nchi nyingine hununua kaboni dioksidi kwa mitungi kuteremshia pH ya maji kabla ya kutia klore. Sisi inatoka ardhini bure. Ukienda Bulengo utaonyeshwa mashimo ya mazuku, gesi hiyohiyo iliyotuama, yanayoua mbuzi asubuhi kukiwa hakuna upepo. Nilipomwambia asistan kwamba hiyo ndiyo iwe tefese yangu, kazi ya kumalizia masomo, aliniuliza nani atashika bomba.

Nikarudi nyumbani na habari yangu. Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikamweleza yote, asidi, ioni, askari wa kambini. Alisikiliza bila kuacha mchi.

"Klore inanuka ao hainuki?"

"Inanuka, mama."

"Basi inafanya kazi."

Sikubishana haraka, maana najua harufu hiyo ameitoa wapi. Julai 1994 alikuwa msichana wa miaka 14. Wakimbizi kutoka Rwanda waliingia mamia kwa maelfu kwa siku chache, hawakuwa na kisima wala choo, wakanywa ziwa. Kwa mwezi mmoja walikufa karibu watu 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Mama haongei mengi juu ya mwezi huo. Anasema tu kwamba maloli ya maji yalipokuja, maji yake yalinuka klore, na waliokunywa yale yanayonuka walibaki. Mtu aliyejifunza hivyo humwambii habari za logarithi.

Na kwa sehemu yuko sahihi. Kijidudu cha kipindupindu ni dhaifu mbele ya klore. Hata klore ya pH 9 inakiua, mradi ipewe muda. Giardia ni mgumu zaidi: kutoka pH 7 hadi 9 muda anaoutaka unakaribia kuongezeka maradufu. Kriptosporidiamu haijali klore kabisa, huyo ni wa kuchemsha au kuchuja, na kuchemsha ni makala (mkaa), na makala ni pesa. Mama akapendekeza tunywe ya mvua. Nikamwambia moshi wa Nyiragongo unaitia mvua asidi na fluoridi, hiyo inayowapaka watoto madoa ya kahawia kwenye meno huko chini ya mlima, na fluoridi ukiichemsha maji yanapungua yenyewe inabaki. Akaweka mchi chini.

"Sasa weye ulienda kusoma ili tusinywe kitu?"

Kwa hiyo nikataka kumwonyesha kwamba nina dawa. Nikachukua ndimu ndogo. Hesabu ilikuwa rahisi: ndimu ni asidi, asidi inashusha pH, pH ikishuka askari wanatoka kambini. Nikaikamulia kwenye bido lililotoka kituoni, nikatikisa, nikasubiri dakika 30 nikitazamwa na mama, mdogo wangu, na jirani aliyekuja kuomba moto akaamua kubaki. Pembeni nilikuwa na kidonge cha DPD nilichobakiza staji. Nikakiponda kwenye kichupa cha maji hayo.

Hakuna waridi. Maji meupe kama nilivyoyaweka. Klore yote imekwenda.

Vitamini C, bwana. Ndiyo kitu kinachotumika kuiondolea maji klore ukitaka kuiondoa, na kwenye juisi ya ndimu kuna vitu vingine chungu nzima vinavyoilamba. Nilikuwa nimechukua maji yaliyotibiwa nikayarudisha ziwani, kikemia. Kesho yake nikapeleka sampuli kwa mzee wa maabara: pH ilikuwa imeshuka hadi 8.5 tu. Bikaboneti ya Kivu ni nyingi mno. Kifaransa huita hali hiyo, ya maji kukataa kubadili pH, tampon, neno lilelile la muhuri wa ofisini, nami kwa miaka miwili nilikuwa nikiwaza muhuri kila profa akilitaja. Maji ya Kivu ni kama tajiri: ukimwibia mia mfukoni hata hageuki.

Jirani bado ananiita Mama Ndimu.

Kilichobaki ni muda, kitu pekee ambacho hatununui. Wanaopima maji huzidisha klore iliyobaki kwa dakika ilizokaa. 0.5 kwa dakika 30 ni 15. Nikamwuliza mdogo wangu: kutoka kituoni hadi hapa unatumia muda gani? Akasema inategemea matope, inategemea askari wa barabarani, inategemea kama amepata wa kumsukuma kwenye ule mlima. Nikampa simu yangu siku tatu. Saa moja na dakika tano; saa moja na robo; siku ya gurudumu kuvunjika, saa mbili kasoro. Yaani sisi wa mbali, tunaojihurumia, maji yetu yanafika yameshasubiri zaidi ya mara mbili ya nusu saa. Walio hatarini ni wale wa Kyeshero wenye nyumba mita mia kutoka ufukweni, ambao mtoto anapiga funda kabla bido halijaguswa na sakafu. Nilipokuwa mezani nao ndio niliowapungia mkono kwanza, kwa vile foleni yao ilikuwa fupi. Sikumwambia hata mmoja asubiri zaidi ya nusu saa. Nilirudi kituoni wiki iliyofuata, bila staji, nikamweleza mkubwa wa kituo na kumwachia karatasi ya hesabu. Aliisoma mara mbili. Siku hizi kwenye turubai kuna kibao cha mbao: SUBIRI SAA MOJA. Fomu bado ina nafasi ya pH, na wanaandika "zaidi ya 8.2". Neno zaidi lilinifurahisha kuliko alama yoyote niliyowahi kupata.

Nyumbani tuna utaratibu wetu. Mdogo wangu anaandika kwa kipande cha makala, ubavuni mwa kila bido, saa lilipotiwa klore. Mama hasomi pH, lakini saa anasoma, na ameamua kwamba maji yatasubiri kadiri sombe inavyosubiri, ambayo ukimwuliza yeye si chini ya saa mbili. Jana jioni moja lilifika bila maandishi. Mdogo wangu akaapa kwamba lilipita kituoni, mvua tu ndiyo iliyofuta. Mama akalinusa, akalisogeza kando ya mlango.

"Hilo ni la kuoshea chungu," akasema, akamrudishia kipande cha makala.